Saluni Iliyoishia Tana: Historia ya Peugeot 504 na Njia ya Ifo

Mei 1968 Ufaransa ilisimama. Wanafunzi waliingia barabarani, wafanyakazi wakafunga viwanda, na miongoni mwa viwanda vilivyofungwa ni kile kikubwa cha Peugeot kule Sochaux, mashariki ya nchi. Juni 11, polisi walipopambana na wagomaji pale kiwandani, wafanyakazi wawili walipoteza maisha. Wakati wa msukosuko huo kulikuwa na gari jipya lililokuwa tayari kuonyeshwa kwa watu. Likawekwa hadi Septemba. Lilipotolewa hatimaye, waandishi wa habari waliona saluni ya milango 4, taa za mbele zimekatwa pembe, kifuniko cha buti kimeinama nyuma kwa mkunjo ambao haukumpendeza kila mtu. Umbo lilichorwa na nyumba ya Pininfarina ya Turin, Italia. Injini ilikuwa ya silinda 4, ujazo wa lita 1.8, nguvu zake zikienda kwenye magurudumu ya nyuma. Jina lilifuata desturi ya kampuni ya tarakimu tatu zenye sifuri katikati: 504.

Mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mtu wa kadiri: mwalimu mkuu, daktari, mwenye duka la dawa, mtu mwenye mke na watoto na mizigo ya likizo. Majaji wa Ulaya walilitunuku tuzo ya Gari la Mwaka la 1969. Baadaye yaliundwa zaidi ya milioni 3 kwa jumla, na yakauzwa na kuunganishwa katika mabara ambayo wachoraji wa Turin hawakuwahi kuyakanyaga.

Historia za magari kwa kawaida husimuliwa kutoka upande wa kiwanda, au upande wa mashindano, mara chache kutoka upande wa abiria. Upande wa mwisho wa barabara hausimuliwi. Ndiyo sababu naisimulia hii nikielekeza macho Ifo, kambi ya wakimbizi karibu na mji wa Dadaab, kaunti ya Garissa, mahali ambapo familia ni nyingi, safari ni za lazima, na ambapo hakuna kampuni hata moja ya magari iliyowahi kuhesabu kwamba ina wateja.

Ukitaka kujua kwa nini 504 lilipendwa Afrika, piga goti ulitazame chini. Katika saluni ya kawaida ya 504 kila gurudumu la nyuma lilisimama kwa mkono wake lenyewe, likiwa na springi yake ya kujiviringisha. Gurudumu la kushoto lilipotumbukia shimoni, la kulia halikuwa na habari. Springi zilikuwa laini, tena ndefu, na zilikuwa na nafasi kubwa ya kushuka na kupanda kabla ya chuma kugonga chuma. Gari lilikaa juu zaidi kutoka ardhini kuliko saluni nyingi za rika lake. Mtu aliyetoka kwenye gari gumu akaingia ndani ya 504 alihisi mara moja kwamba matuta yanapita chini yake bila kumfikia mgongoni.

Ndugu yake, lile la mgongo mrefu ambalo Wakenya wengi hulikumbuka zaidi, lilijengwa kwa hesabu nyingine. Hilo lilikuwa na ekseli ya nyuma ya kipande kimoja, na springi 2 kila upande, 4 kwa jumla, ili libebe watu na mizigo bila kuinama. Mnamo 1973 kampuni ikatoa pia saluni ya bei nafuu, 504 L, nayo ikawa na ekseli ya namna hiyo ya kipande kimoja. Watu wa Ulaya waliona ni kurudi nyuma. Kwa fundi wa Afrika ilikuwa nafuu: viungo vichache vya kulegea, vichache vya kubadilisha, na kilichovunjika kingeweza kuchomelewa. Injini ilikuwa na kabureta ambayo kijana aliyekaa gerejini miaka 2 angeifungua, akaisafisha kwa petroli na kuirudisha bila kitabu. Nadhani hapo ndipo soko la Afrika Mashariki lilipoamuliwa, kabla hata ya matangazo: gari lilikubali kutengenezwa na mtu aliyekuwepo.

Lakini matangazo nayo yalikuwepo, na hayakuwa ya kununuliwa gazetini. Tangu 1953 kulikuwa na mashindano ya Safari, yaliyoanza kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na baadaye yakawa sikukuu ya Pasaka ya watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika. Njia zilikuwa za umma, matope ya kweli, vumbi la kweli. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki pamoja na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404, gari lililotangulia 504. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, tena kwa 404. Mwaka 1968 mvua ilirudi na ukali wake, magari 93 yakaanza na 7 tu yakafika, na waliotangulia walikuwa Nowicki na Cliff wale wale.

Kwa hiyo 504 lilipofika Afrika Mashariki lilikuta jina limekwisha jengwa. Mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden, akisomewa njia na Arne Hertz, alishinda Safari kwa saluni ya 504. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda kwa 504 la milango 2 lenye injini ya V6, ambalo kwa kweli halikuwa gari la familia, ila mtu aliyesimama kando ya barabara kuwapungia mkono hakujali tofauti hiyo. Alichokiona ni kwamba uso ule ule anaouona ukiegeshwa nje ya ofisi ya mkuu wa wilaya umepita mbele yake umejaa matope, na bado unakwenda. Wauzaji walifurahi.

Serikali ya Kenya ya miaka ya 1970 ilikuwa na hoja yake: kwa nini nchi inunue magari mazima kutoka nje wakati vijana hawana kazi? Ikaingia ubia na makampuni ya nje na vikatokea viwanda 3 vya kuunganisha magari: kimoja Thika, kimoja Nairobi, na kimoja Mombasa kilichoitwa Associated Vehicle Assemblers. Magari yalikuja bandarini yakiwa vipande ndani ya masanduku. Wafanyakazi wa Kenya walichomelea bodi, wakapaka rangi, wakafunga injini, na kadiri miaka ilivyokwenda baadhi ya vitu vikaanza kutengenezwa hapa hapa: betri, tairi, vioo, viti, springi za mapande. Magari mazima kutoka nje yalitozwa ushuru mzito na kuwekewa vizuizi ili haya ya hapa yapate mnunuzi. Peugeot ziliunganishwa Kenya kuanzia miaka ya 1970 hadi 2002, na kampuni ya Marshalls ndiyo iliyojulikana na wengi kuwa muuzaji wake.

Soko lililipokea gari hili kwa mikono miwili. Ofisi za serikali zililinunua, makampuni ya chai na kahawa yakalinunua, walimu wakuu na wafanyabiashara wakakopa benki wakalinunua. Kisha likaingia mikononi mwa watu ambao hakuna mtu Sochaux aliyewafikiria: wenye teksi za masafa marefu.

Hapo ndipo lile la mgongo mrefu lilipotawala. Lilikuwa na safu 3 za viti. Mbele alikaa dereva na mtu mmoja au wawili, katikati watu 3, na nyuma kabisa, magoti yakikaribia kidevu, wengine 2 au 3. Juu ya paa kulikuwa na keria ya chuma, na juu ya keria kulikuwa na masanduku, magodoro yaliyokunjwa, magunia, pengine baiskeli, vyote vimefungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tairi kuukuu. Gari halikuwa na ratiba. Liliondoka lilipojaa. Dereva alisimama kando akizungusha ufunguo kidoleni, makanga akaita, na abiria aliyekwisha lipa alikaa ndani akiomba Mungu amlete mtu wa mwisho. Nauli ilizidi ya basi kwa kiasi ambacho mtu aliyeitwa nyumbani kwa msiba au aliyekuwa akiwahi kazini alikubali kutoa. Kutoka Nairobi yalikwenda Nakuru, Kisumu, Nyeri, Mombasa. Yalikwenda kasi kupita kiasi, na yaliua watu wengi. Hilo nalo lazima lisemwe, kwa sababu familia nyingi za Kenya hulikumbuka 504 kwa harusi na kwa jeneza pia.

Sasa tuifuate barabara inayotoka Thika kuelekea mashariki. Inapita Matuu, Mwingi, Ukasi, Bangale, ardhi ikizidi kuwa tambarare na joto likizidi kupanda, mpaka Madogo, na mbele ya Madogo kuna daraja la Mto Tana. Ng'ambo ya daraja ni mji wa Garissa. Kutoka Nairobi hadi hapo ni kama kilomita 370. Kwa miongo mingi daraja hilo limekuwa zaidi ya daraja. Pana kizuizi cha polisi, abiria hushuka na kuonyesha vitambulisho, na mtu asiyekuwa nacho hujua kwamba safari yake imekwisha.

Jambo hilo lina mizizi mirefu kuliko gari lolote. Serikali ya kikoloni iliifanya wilaya ya mpaka wa kaskazini kuwa eneo lililofungwa tangu 1926, mtu asiingie wala kutoka bila kibali. Mwaka 1962 tume iliyotumwa kusikiliza maoni ilikuta Wasomali wengi wa eneo hilo wanataka kuungana na Somalia. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963, na mwezi huo huo hali ya hatari ikatangazwa kaskazini mashariki. Vita vilivyofuata, vilivyoitwa vya Shifta, viliendelea hadi 1967, lakini sheria za hatari zilibaki hadi 1991. Katikati ya hayo, mwaka 1965, ulitoka Waraka wa Bunge Namba 10, uliosema fedha za maendeleo zipelekwe mahali penye mvua, ardhi yenye rutuba, reli na barabara, mahali ambapo zingezaa haraka. Waraka ule haukuitaja Garissa kwa ubaya. Haukuhitaji. Kila mtu aliyeusoma alijua lami itakwenda wapi.

Ndiyo maana, wakati 504 linatawala steji za Nairobi na Nakuru, ng'ambo ya Tana palikuwa na Land Rover za serikali, magari ya jeshi na malori. Lori lilibeba mchele na sukari, na juu ya mchele na sukari likabeba watu. Utingo alishuka kuweka mbao chini ya tairi kila lilipozama mchangani. Saluni ya familia, hata ile yenye springi laini kuliko zote duniani, huhitaji vitu ambavyo kiwanda hakiviuzi: barabara inayopitika miezi 12, petroli isiyokuwa mbali, fundi mwenye spea, na serikali inayokubali kwamba familia hiyo ina haki ya kutoka nyumbani asubuhi na kwenda itakako. Katika Kaskazini Mashariki vyote 4 vilikuwa haba, na cha mwisho ndicho kilichoumiza zaidi.

Miaka ya 1990 na 1991 ilikuja na mambo mengi kwa pamoja. Februari 1990, katika uwanja wa Kasarani, Rais Daniel arap Moi aliwaonyesha Wakenya gari lililotengenezwa na Wakenya wenyewe, Nyayo Pioneer. Alikuwa amekiomba Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 kiunde gari, hata kama lingekuwa baya kwa sura au la mwendo wa polepole, mradi liwe la hapa. Wahandisi wa chuo, karakana za Shirika la Reli na wengine waliunda magari 5 ya majaribio, na moja lilifikisha kilomita 120 kwa saa. Likaundwa shirika, Nyayo Motor Corporation, ili yatengenezwe kwa wingi na kuuzwa. Hayakuuzwa. Fedha za kiwanda hazikupatikana, na shirika likageuzwa kuwa Numerical Machining Complex, karakana ya kuchonga vyuma. Wengi hulitaja gari hilo kwa kicheko. Mimi naona wahandisi wale walifanya sehemu yao kwa uaminifu. Walichonyimwa ni ile kazi ndefu isiyopigwa picha, ya kulirekebisha gari mara ya kumi na ya ishirini, kujenga mtandao wa spea, na kumtafuta mnunuzi mmoja baada ya mwingine. Peugeot ilikuwa na historia ya zaidi ya miaka 75 ya kufanya hivyo kabla 504 halijazaliwa.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Watu wakaanza kumiminika kuelekea Liboi, mji wa mpakani, wengine kwa malori, wengine kwa magari yao, wengi kwa miguu. Septemba mwaka huo ikafunguliwa Ifo, kambi ya kwanza kati ya zile za Dadaab. Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Zote 3 zilipangiwa watu 90,000. Miaka 20 baadaye, ukame na vita vilipowasukuma tena Wasomali kuvuka mpaka mwaka 2011, eneo la Dadaab lilikuwa na zaidi ya watu 400,000, idadi ya kulifanya mojawapo ya makazi makubwa zaidi Kenya.

Ifo, basi, ilizaliwa wakati soko la magari la Kenya linapinduka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali, ikisukumwa na wakopeshaji wa nje, ililegeza masharti ya fedha za kigeni na ya uagizaji. Meli zikaanza kushusha Mombasa magari yaliyokwisha tumika Japani, mengine yakipitia Dubai. Saluni ya Toyota ya miaka michache, yenye redio na kiyoyozi, ikauzwa chini sana ya gari jipya lililounganishwa pale pale bandarini. Viwanda vya kuunganisha vikabaki na uwezo mkubwa na kazi ndogo. Peugeot 504 lilianza kuonekana la kizamani: lilikunywa petroli zaidi, na spea zake, zilizokuwa kila mahali, zikaanza kutafutwa. Saluni ikapungua barabarani, likafuata la mgongo mrefu. Teksi za masafa marefu zikawa Nissan za watu 14. Kanuni za Februari 2004, za vidhibiti mwendo na mikanda, zilikuta enzi ile imekwisha.

Watu wa Ifo walilipata soko hilo jipya moja kwa moja, bila kupitia lile la zamani. Hapakuwa na kumbukumbu ya Pasaka wala ya Nowicki. Wengi walitoka nchi iliyokuwa ikijua Fiat, hasa malori yake, kwa sababu ya Waitaliano, na ambayo baada ya kuanguka kwa serikali ilijaa Toyota zilizotumika kutoka Dubai, usukani upande wa kulia ingawa Somalia huendesha kulia mwa barabara. Mfanyabiashara wa Ifo alijua bei ya gari la Mogadishu na bei ya gari la Nairobi. Alijua pia kwamba Toyota ina spea huko na huku. Hoja hiyo ilitosha.

Mrithi halisi wa 504 katika eneo hili, kwa maoni yangu, ni Toyota Probox. Lilianza kuuzwa Japani mwaka 2002, likiwa gari la kazi la wauza bidhaa na mafundi wa simu, la mgongo mrefu, viti vyepesi, injini ya lita 1.3 au 1.5, na aina ya mizigo ikiruhusiwa kubeba hadi kilo 400. Kule kwao hakuna anayelitazama mara mbili. Kenya lilipofika kama mtumba likageuka teksi ya vijijini, gari la miraa, gari la mgonjwa, gari la bibi harusi. Linapakia watu kwa namna ambayo ingewatoa machozi waliolibuni, na bado linawaka asubuhi.

Lakini Probox halikutengenezwa kwa njia ya Dadaab, na hapo ndipo fundi wa eneo hili anapoanza kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Gari linapandishwa jeki. Springi zinatolewa, na juu ya kila moja inawekwa speisa ya mpira mgumu au ya chuma ili mwili uinuke kutoka ardhini. Nyuma hutafutwa springi ngumu zaidi ya ile ya kiwandani. Chini ya injini linafungwa bamba la chuma, limekatwa kwenye pipa au kwenye mabaki ya lori, ili jiwe likigonga ligonge bamba na si sampu ya mafuta. Kichujio cha hewa kinafunguliwa na kupigwapigwa vumbi litoke mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyoagiza, kwa sababu vumbi jekundu la Dadaab ni laini, linaingia mpaka ndani ya saa ya mkononi. Ukilitazama gari hilo baada ya kazi, limesimama juu, nyuma limeinuka, tumbo limefunikwa chuma. Ni yale yale ambayo wahandisi wa Peugeot waliyaweka ndani ya 504 tangu mwanzo, urefu wa springi, nafasi kutoka ardhini, ekseli isiyodekezwa, yamerudishwa kwa nyundo na spana na mtu ambaye huenda hajawahi kuliona 504.

Safari zenyewe si za anasa. Kutoka Ifo mtu huenda Dagahaley, Hagadera, au Dadaab mjini, kufuata ofisi, soko, hospitali, ndugu. Ndani ya kambi punda na mkokoteni wake hubeba maji, kuni na magunia ya mgao. Teksi hubeba kile kisichoweza kungoja: mama mwenye uchungu usiku, mtoto aliyeungua, mzee mwenye karatasi ya mahojiano ya saa 2 asubuhi. Ndani huketi shangazi, mama mdogo, watoto 3 mapajani, na kibuyu cha maziwa ya ngamia katikati ya miguu. Ukiuliza gari la familia ni lipi, ni hilo.

Mvua ikinyesha, hesabu zote hubadilika. Kutoka Garissa hadi Dadaab ni kama kilomita 100, na ni njia ya udongo. Kiangazi ni mchanga na mawimbi ya kokoto yanayolegeza kila nati. Masika na vuli ni tope. Novemba 2006 mafuriko yaliikumba Ifo kuliko kambi nyingine, maelfu ya familia wakapoteza nyumba, na njia ikakatika hata malori ya chakula yakakwama. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikata tena njia za Garissa. Siku kama hizo hata Land Cruiser nyeupe za mashirika hulala ndani ya ua. Na hata kukiwa kukavu, tangu Oktoba 2011, walipotekwa nyara wafanyakazi wawili wa Médecins Sans Frontières, magari hayo yamekuwa yakitembea kwa msafara wenye askari. Teksi ya Ifo haina msafara. Hutangulia peke yake, na abiria wake hulipa.

Nalo swali la gari ni la nani lina jibu gumu. Kusajili gari Kenya kunataka kitambulisho na namba ya Mamlaka ya Mapato, vitu ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vigumu mno kwa mkimbizi kuvipata. Kwa hiyo mtu anaweza kutoa fedha zake zote, akalipa fundi, akalipa tairi, na logbuku ikasomeka jina la Mkenya anayemwamini. Wengi wa waaminifu hao huheshimu neno lao, kwa sababu biashara ya eneo hili husimama juu ya ukoo na mdhamini. Hata hivyo, hebu fikiria Mfaransa wa 1968 akiambiwa anunue saluni yake kwa jina la jirani. Tena, mkimbizi haruhusiwi kutoka eneo la kambi bila hati ya kusafiri, kwa hiyo hata mwenye gari zuri hawezi kulipeleka mbali. Lile daraja la Tana lipo pale pale.

Mwaka 2017 Peugeot ilirudi Kenya. Katika kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, Thika, kwa ushirikiano na kampuni ya Urysia, ilianza kuunganishwa 508, saluni ya familia ya ukubwa ule ule wa kadiri, pamoja na 3008. Rais Uhuru Kenyatta alizindua kazi hiyo, na watu wa umri wangu walilikumbuka 504 kwa upendo. 508 ni gari zuri, la kimya, lenye breki na mikoba ya hewa ambayo 504 halikuiota. Pia liko chini, limechorwa kwa barabara kuu za Ulaya, na bei yake ya gari jipya ililiweka mbele ya mlango wa ofisi, mbali na mlango wa nyumba. Mwalimu mkuu wa leo, yule ambaye baba yake alikopa benki kununua 504, ananunua mtumba wa Japani wa miaka 7, kwa sababu sheria hairuhusu uliozidi 8.

Ifo, yenye zaidi ya miaka 30, imepata watoto waliozaliwa pale na sasa wana watoto wao, na baadhi yao ndio madereva na mafundi niliowaeleza. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imewafungulia njia ya kufanya kazi na biashara, na Mpango wa Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi hizi ziwe miji inayoishi pamoja na wenyeji wake. Katika mipango hiyo naomba yaandikwe mambo 2 yanayogusa gari la familia: lami kwenye zile kilomita 100 kutoka Garissa, na jina la mwenye gari kwenye logbuku yake.